FITO, MATUMBAWE NA SIRI YA KITU CHEPESI

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Mwambao wa Tanga unaikanusha methali hiyo. Kuanzia Tongoni, kusini kidogo mwa mji wa Tanga, ukashuka Pangani, ukapita Mkwaja hadi Saadani, miti ipo, mawe yapo, na wajenzi walikuwapo kwa zaidi ya miaka 600. Mazungumzo ya juma hili yanahusu jambo moja ambalo wajenzi hao walipambana nalo kwa mikono yao, na ambalo leo linawashughulisha wataalamu katika maabara kubwa za Marekani na Ulaya. Jambo lenyewe ni hili: utawezaje kuchukua kitu kidogo, chepesi na chenye nguvu, ukakikuza kiwe kikubwa, bila kupoteza wepesi wala nguvu yake?

Tuanze na nyumba ya kawaida ya kijiji cha pwani kama Mkwaja, wilayani Pangani. Mjenzi husimika nguzo za mikoko ardhini. Kisha hupitisha fito kwa ulalo, ndani na nje, na kila fito inapokutana na nguzo huifunga kwa kamba. Kabla udongo haujakandikwa, mtu anaweza kusimama upande huu akamwona jirani yake upande wa pili. Ukuta ule ni matundu matupu. Kwa hesabu ya kiwanja chote uliochukua, mti ni kidogo sana na hewa ni nyingi. Lakini ndio utakaobeba paa la makuti na kukabili upepo wa kusi.

Kwa Kiswahili chetu, kitu cha namna hiyo tunaweza kukiita kimia, yaani kitu kilichosukwa kwa matundu. Maumbile yamejaa vimia. Sega la nyuki ni kimia. Ukivunja mfupa wa ng'ombe karibu na kiungo, utakuta ndani vijiti vidogo vya mfupa vilivyoshikana kama fito. Na jiwe la tumbawe, lile linalojengwa baharini na wadudu wadogo kizazi baada ya kizazi, nalo ni kimia. Ukilitazama kwa karibu utaona vitundu vingi visivyohesabika. Katika aina moja ya tumbawe ambayo wajenzi wetu waliipenda sana, na ambayo wanasayansi huiita Porites, karibu nusu ya jiwe zima si jiwe, ni nafasi.

Siri ya kimia si wepesi peke yake. Siri ni mpangilio. Ukitengeneza fremu ya miti minne, ukaifunga pembe zake kwa kamba, kisha ukaisukuma ubavuni, italala. Lakini ukiitia mti wa tano kwa mshazari, kutoka pembe moja hadi nyingine, fremu hiyo haitalala mpaka kitu kivunjike au kamba ikatike. Pembe nne hupinda, pembe tatu hukataa kupinda. Kila seremala anayepaua nyumba analijua hilo. Katika ukuta wa fito hakuna mshazari. Udongo uliokandikwa na kukauka ndio unaofanya kazi hiyo, na ndiyo maana udongo ukidondoka ukuta huanza kuyumba.

Wataalamu wameipima tofauti hiyo. Chukua kimia kisicho na mishazari, kama povu lililokauka. Ukipunguza malighafi yake kwa nusu, uwezo wake wa kukataa kupinda haupungui kwa nusu, bali hubaki robo tu. Lakini katika kimia kilichojaa pembe tatu pande zote, ukipunguza malighafi kwa nusu, uwezo huo nao hubaki nusu. Hapo ndipo penye faida. Anayejua kupanga anaweza kutumia mali kidogo akapata kazi kubwa.

Sasa turudi kwenye historia. Huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, uchimbaji wa mambo ya kale uliofanywa miaka ya 1980 chini ya Mark Horton ulionyesha misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine mahali pale pale. Ile ya mwanzo, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti. Ilipofika karne ya 10, watu wa Shanga walikuwa wakijenga kwa matumbawe yaliyokatwa baharini. Baadaye wakageukia zaidi mawe ya matumbawe ya kale yaliyo nchi kavu, yakiunganishwa kwa chokaa. Kwa hiyo majengo yetu ya mawe hayakushuka kutoka mbinguni, wala hayakuletwa yakiwa kamili na jahazi kutoka ng'ambo. Yalikua hapa hapa, kutoka kwenye mti hadi kwenye jiwe.

Kwa nini tumbawe la baharini? Kwa sababu linapotolewa majini bado ni laini. Fundi anaweza kulikata na kulichonga kama mtu anayechonga mti. Likikaa hewani hukauka na kuwa gumu. Ndiyo sababu vibla vya misikiti na vizingiti vya milango vilivyochongwa kwa ustadi vilitengenezwa kwa jiwe hilo, na kuta nene zikajengwa kwa mawe ya nchi kavu. Pale Tongoni kuna magofu ya msikiti na makaburi mengi, mengine yakiwa na minara, na mahali hapo huhesabiwa miongoni mwa penye makaburi mengi zaidi ya namna hiyo katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Meli za Vasco da Gama zilipopita mwaka 1498, na moja ikapanda fungu karibu na hapo, mji huo ulikuwa umekwisha kusimama.

Lakini, ndugu msikilizaji, kila mjenzi hufika mahali ambapo kitu kinakataa kukua. Kwa nyumba za mawe za Waswahili, mahali hapo palikuwa darini. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti moja haiwezi kuvuka nafasi kubwa ikiwa imebeba sakafu nzito ya mawe na chokaa. Matokeo yake, vyumba vya nyumba hizo, tangu Lamu hadi Kilwa, ni virefu lakini vyembamba, kwa kawaida upana wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Tajiri aliweza kuongeza idadi ya vyumba, lakini hakuweza kuongeza upana. Hata ng'ambo, katika miji ya Ghuba ambako miti yetu ilisafirishwa kwa majahazi, upana wa vyumba ulifuata urefu wa boriti kutoka kwetu.

Sababu yake ilielezwa mwaka 1638 na Galileo, mtaalamu wa Italia, katika kitabu chake cha mwisho. Ukikuza kitu mara mbili kwa kila upande, uzito wake unaongezeka mara nane, lakini unene unaoubeba uzito huo unaongezeka mara nne tu. Kwa hiyo kitu kikubwa ni dhaifu kuliko mfano wake mdogo, japo umbo ni lile lile. Ndiyo maana mguu wa tembo si mguu wa swala uliokuzwa. Anayedhani kukuza ni kurudia kitu kile kile kwa kipimo kikubwa, jengo litamfundisha.

Mafundi wa Kilwa walilijua hilo. Sehemu ya kusini ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, katika ujenzi wake wa awali, ilikuwa na nguzo zilizochongwa kila moja kutoka kwenye tumbawe zima. Jengo hilo lilianguka. Lilipojengwa upya katika karne ya 15, nguzo hazikuchongwa tena kutoka kipande kimoja. Zilijengwa kwa vipande vidogo vya mawe vilivyoshikwa na chokaa, na juu yake yakawekwa matao na kuba. Tao na kuba havihitaji boriti. Kila jiwe humsukuma mwenzake, na uzito hushuka hadi ardhini bila kitu chochote kulazimika kuvuka nafasi peke yake. Ndivyo mafundi walivyopata njia ya kuupita mpaka waliowekewa na mkoko. Warumi nao, zaidi ya miaka 1,000 kabla, walipojenga kuba la Pantheon lenye upana wa zaidi ya mita 43, walichanganya kwenye sehemu ya juu mawe mepesi ya volkano yenye matundu. Bahari mbili tofauti, akili moja.

Tunaona basi kwamba kitu kikubwa hakikupatikana kwa kutafuta kipande kikubwa. Kilipatikana kwa kuunganisha vipande vingi vidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini methali hiyo ina mwenzake asiyepaswa kusahauliwa: kamba hukatikia pembamba. Ukiunganisha vipande elfu, una viungo vingi zaidi ya hivyo, na jengo haliwi na nguvu kuliko viungo vyake. Katika nyumba ya fito, kiungo ni kamba. Katika nyumba ya mawe, kiungo ni chokaa.

Na kiungo kina gharama. Chokaa ilipatikana kwa kupanga magogo kwa duara, kuweka matumbawe juu, na kuchoma mpaka jiwe lote ligeuke unga. Kuni zilizoteketea ni nyingi, na tumbawe lililokua kwa miaka mingi likaisha kwa siku moja. Wakati wajenzi walikuwa wachache na nyumba za mawe ni za matajiri, bahari ilistahimili. Lakini mji ulipokua, tanuri zilikua. Katika kisiwa cha Mafia, hadi miaka ya 1990, matumbawe yalikuwa yakivunjwa na kutolewa baharini kwa ajili ya ujenzi, na wataalamu wa bahari wakaonyesha wazi madhara yake kwa miamba na samaki.

Mikoko nayo ilikuwa na habari yake. Iliuzwa kwa korija, yaani miti 20 kwa fungu moja, na kila unene ulikuwa na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Bandu bandu huisha gogo. Serikali ya wakoloni iliitangaza mikoko ya Tanganyika kuwa hifadhi kati ya mwaka 1928 na 1932. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha miti hiyo nje mwaka 1982. Hatua hizo zilikuwa na maana, kwa sababu mkoko ni kitalu cha kamba na samaki, na ni ngao ya pwani. Lakini tukiri pia kwamba zilimfungia mwananchi mlango wa ghala ambalo babu yake alichukua vifaa vya nyumba.

Tanga ina mfano mwingine wa kukuza kitu kidogo, nao ni mkonge. Mwaka 1893, Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikokwe, karibu na Pangani. Unyuzi mmoja wa mkonge una urefu wa mita moja hivi, na ndani yake umejaa vijishimo vitupu virefu, kwa hiyo nao ni mwepesi. Unyuzi mmoja hauwezi kufunga mashua. Lakini nyuzi zikisokotwa, huyu akimshika mwenzake kwa msuguano tu, bila gundi wala msumari, hupatikana kamba ya mamia ya mita inayofunga meli bandarini. Unyuzi mmoja ukikatika, kamba haikatiki. Huko ndiko kukuza kwa akili.

Kutokana na nyuzi hizo ulikua uchumi mzima. Hata shamba la ng'ombe la Mkwaja lilianzishwa mwaka 1954 na kampuni ya mkonge ya Amboni ili kuwapatia nyama wafanyakazi wa mashamba. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Kisha ikaja kamba ya nailoni. Soko likaporomoka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kama tani 20,000. Ranchi ya Mkwaja ilifungwa mwaka 2000, na ardhi yake ikaingizwa katika Hifadhi ya Saadani iliyotangazwa rasmi mwaka 2005. Malighafi mpya iliyobuniwa katika maabara ya mbali ilibadilisha maisha ya mtu wa Pangani ambaye hakuwahi kuiona maabara hiyo. Ndiyo sababu nasema mazungumzo haya si ya wataalamu peke yao.

Maabara hizo zinafanya nini sasa? Kwanza tukumbuke kwamba Ulaya nayo ina historia yake ya vimia. Mwaka 1889, mwaka ule ule ambao Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim mjini Pangani, Wafaransa walifungua mnara wa Eiffel. Ni vipande 18,038 vya chuma vilivyoshikwa kwa riveti milioni mbili na nusu, uzito wa chuma tani 7,300 hivi. Kama chuma hicho chote kingeyeyushwa na kumwagwa kwenye kiwanja cha mnara, kingefikia kina cha sentimita sita tu. Mnara mzima ni fito na mishazari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, mtaalamu wa Uingereza, A. A. Griffith, aligundua kwamba nyuzi za kioo, kadiri zinavyokuwa nyembamba zaidi, ndivyo zinavyokuwa na nguvu zaidi kwa kipimo cha unene wake. Kitu kikubwa kina nafasi kubwa ya kuficha ufa. Kitu chembamba sana hakina mahali pa kuuficha. Wazo hilo likawafikisha watu mbali. Mwaka 2011, maabara ya HRL ya California pamoja na vyuo vikuu viwili vya jimbo hilo walitangaza kimia cha nikeli, kilichosukwa kwa mirija mitupu ambayo kuta zake ni nyembamba mara nyingi kuliko unywele. Lita moja ya kimia hicho ina chuma cha uzito usiofika gramu moja, wakati lita ya maji ni kilo moja. Mwaka 2014 wataalamu wengine wa Marekani, kwa kuchapa vimia kwa mwanga unaogandisha utomvu, walipata vimia vya pembe tatu vilivyo vyepesi na vigumu mno.

Lakini kila walipotaka kuvikuza, walikutana na yale yale ya Kilwa. Mashine inayochora kijiti chembamba kuliko unywele huchukua muda mrefu kutengeneza kitu cha ukubwa wa kiganja. Na kadiri kimia kinavyokua, viungo huongezeka kwa mamilioni, na kila kiungo ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia. Kipande cha maabara ni shujaa, lakini bawa la ndege au ukuta wa nyumba hauonekani.

Njia moja iliyowafungukia haikuwa kutafuta mashine kubwa zaidi. Mwaka 2013, Kenneth Cheung na Neil Gershenfeld wa chuo cha MIT walionyesha kwamba kimia kinaweza kuundwa kwa vipande vidogo vinavyofanana, vinavyotengenezwa vingi kisha kuunganishwa, na vikitakiwa hufunguliwa tena. Mwaka 2019, wataalamu wa MIT na NASA walionyesha bawa lenye ukubwa unaokaribia wa ndege ya mtu mmoja, lililoundwa kwa vipande hivyo kwa maelfu. Uzito wake ulikuwa kilo 5.6 tu kwa mita ya ujazo. Na tazama kilichowawezesha: awali kila kipande kilikatwa kwa dakika kadhaa, walipotumia kalibu na plastiki ya kumimina, kipande kimoja kilichukua sekunde 17. Kwa maneno mengine, walitengeneza fito nyingi kwa haraka, wakajifunza kuzifunga vizuri.

Sisemi kwamba fundi wa fito wa Mkwaja ndiye aliyevumbua bawa hilo. Kila mtu na jasho lake. Nasema kwamba swali ni moja, na majibu yamefuata njia moja. Kitu chepesi hukua kwa kuunganishwa. Gharama ya kukua iko kwenye kiungo. Na mwisho wa kukua uko pale malighafi inapotoka: mkoko, mwamba wa bahari, au mfuko wa mnunuzi.

Leo mwananchi wa Mkwaja anapakana na hifadhi, na mikoko na matumbawe ya baharini yanalindwa kwa sababu njema. Anaambiwa ajenge kwa tofali la saruji na bati. Tofali ni zito, saruji husafirishwa, na bati jua likiwaka hugeuza chumba kuwa tanuri. Hapo ndipo panapohitajika kitu chepesi, chenye nguvu, kinachotengenezwa karibu na kisichoua bahari. Mkonge tunao. Kituo cha utafiti cha Mlingano kiko Muheza. Vyuo vya ufundi viko Tanga. Nyuzi za mkonge tayari hutumika katika nchi za nje kuimarisha plastiki na vifaa vya ndani ya magari. Kwa nini sisi tuishie kuuza unyuzi kwa tani, na tusiwe wa kuufunga?

Tuliwahi kumpoteza mnunuzi wa kamba kwa sababu wengine waliielewa malighafi kuliko tulivyoielewa sisi tuliokuwa tukiilima. Vimia hivi vipya vitakapotoka maabara na kuingia sokoni, na siku hiyo haiko mbali kama tunavyodhani, vitagusa tena kazi za watu. Vijana wetu wa ufundi wafundishwe hesabu ya mshazari na ya kiungo, na mifano yao ianzie kwenye ukuta wa fito na nguzo ya Kilwa, vitu wanavyoweza kuvigusa. Magofu ya Tongoni yasiwe ya watalii peke yao; yawe darasa.

Miti tunayo, ndugu msikilizaji. Wajenzi tulikuwa nao. Kilichobaki ni kuamua kama tutakuwa nao tena.